Hofu Kazini ni Adui wa Afya

Ukurasa huu wa afya umezoea kuzungumzia malaria, maji safi, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Safari hii tumechagua tatizo lisilo na mbu wala mdudu. Linaanzia kazini, linarudi nyumbani jioni pamoja na baba au mama, na mara nyingi hugunduliwa siku mtu anapopimwa presha kwa bahati tu. Tatizo hilo ni hofu ya kila siku chini ya mkubwa wa kazi asiyemwamini mtu, anayeingilia kila jambo, na ambaye kwake kosa dogo ni kesi kubwa.

Kwa nini tulizungumzie hapa Babati? Wazazi wetu wengi waliishi kwa jembe na mifugo. Mkulima wa Gallapo, Bonga au Magugu ana shida zake, tena kubwa: mvua, wadudu, bei ya mazao. Lakini hakuna anayesimama nyuma yake kumwambia ashikeje jembe. Mwenyewe huamua leo apalilie upande gani na apumzike saa ngapi. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, zilikuja ofisi, benki, shule, hoteli na maduka ya jumla. Familia nyingi za parokia zetu sasa zinaishi kwa mshahara, chini ya jicho la mtu mwingine. Ni jambo la kushukuru kupata kazi. Hata hivyo yafaa tujue kwamba namna tunavyosimamiwa inaweza kujenga afya yetu au kuibomoa.

Mfano wa mtunza stoo

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu wala kampuni, kwa sababu huyu si mtu mmoja bali ni sura ya wengi.

Mtunza stoo ana miaka tisa kazini. Amekuja meneja mpya. Meneja huyu huhesabu upya mifuko ambayo mtunza stoo ameshaihesabu na kuiandika. Hutaka aombwe ruhusa hata ya kwenda chooni. Hupiga simu saa nne usiku kuuliza kama kufuli limefungwa. Aliyekosea huandikwa jina lake kwenye kundi la WhatsApp la kazini ili wote wasome. Watu watatu wameondolewa, na wenzao hawajui sababu.

Baada ya miezi sita mtunza stoo haamui tena jambo lolote. Bati la stoo limeanza kuvuja juu ya mifuko ya sukari. Ameona, lakini anaogopa kusema, kwa maana atakayesema ndiye atakayeulizwa kwa nini hakuona mapema. Usiku mmoja mvua inanyesha, sukari inalowa. Meneja anauliza, "Kwa nini hamkuniambia?" Wote wanatazama chini.

Wakati huo huo mtunza stoo analala saa tatu tu kwa usiku. Kichwa kinamwuma. Siku anampeleka mtoto kliniki, mhudumu anampima na yeye: 160 kwa 100. Na nyumbani, mtu huyu ambaye zamani alikuwa mcheshi sasa anahesabu vijiko vya sukari ambavyo mke wake anatia kwenye chai.

Tuikumbuke picha hiyo. Ina mambo matatu tutakayoyaeleza: kazi imeharibika, mwili umeugua, na hofu imehamia nyumbani.

Usimamizi mwema na unyapara

Neno nyapara wazee wetu wanalijua vizuri. Katika karne ya 19 wanyampara walikuwa wakubwa wa misafara ya wapagazi, hasa Wanyamwezi, iliyosafiri kati ya bara na pwani. Wakati wa ukoloni neno likazoeleka kwenye mashamba ya mkonge. Huko nyapara alisimama nyuma ya vibarua, na siku ya kibarua iliandikwa kwenye kipande chake pale tu alipomaliza kazi aliyopangiwa. Mashamba hayo mengi yamekufa, lakini unyapara umebaki katika ofisi zenye viyoyozi.

Si kila msimamizi mkali ni nyapara. Kuna kazi ambazo lazima zikaguliwe. Damu ya kumwongezea mgonjwa hukaguliwa na watu wawili, na hakuna muuguzi anayeona hiyo kuwa dharau. Mhasibu hukaguliwa hesabu zake. Mwanafunzi wa ufundi husimamiwa kwa karibu mpaka mkono wake uzoee. Ukaguzi wa namna hiyo una sababu inayojulikana, una wakati wake, na unawahusu wote.

Unyapara ni tofauti. Dalili zake ni hizi:

1. Mkubwa hukagua kila kitu, hata kile ambacho mfanyakazi amethibitisha kwa miaka kwamba anakiweza.

2. Maagizo hubadilika asubuhi na mchana, na mfanyakazi hulaumiwa kwa kufuata agizo la jana.

3. Makosa hutangazwa mbele ya watu, lakini mema hayatajwi.

4. Watu hupewa wajibu bila uwezo wa kuamua. Likiharibika jambo, lawama ni zao.

5. Hakuna anayethubutu kuleta habari mbaya. Mikutano ni ya kusikiliza na kuitikia "ndiyo".

6. Wafanyakazi huchunguzana na kupelekeana maneno kwa mkubwa ili kila mmoja ajiokoe.

Tukiona dalili moja peke yake tusikimbilie kuhukumu. Tukiona nne au tano kwa pamoja, na kwa muda wa miezi, basi mahali hapo pa kazi panaugua, na wanaofanya kazi humo wako hatarini.

Mwili hufanya nini ukiogopa

Mungu ametuumba tuweze kuogopa, na hofu ina kazi yake. Mvuvi wa Ziwa Babati akikutana ghafla na kiboko, mwili wake hujiandaa mara moja. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutoa kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, presha hupanda, sukari humwagwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo husimamisha kazi yake. Kwa nguvu hiyo mvuvi hupiga kasia na kuokoka. Akishafika ufukoni na kukaa kivulini, baada ya muda moyo hutulia na mwili hurudi katika hali yake.

Sasa tufikirie mtu ambaye kiboko wake yumo ofisini. Anamwona asubuhi, mchana na jioni, na usiku anamsikia kwenye simu. Mwili haujui kutofautisha vizuri kati ya meno ya kiboko na sauti ya mkubwa aliyekasirika. Hujiandaa vile vile, ila hapa hakuna kasia la kupiga wala ufuko wa kufikia. Presha hupanda mara kwa mara mpaka ikazoea kubaki juu. Usingizi hupungua. Kinga ya mwili hulegea. Kotisoli ikikaa juu kwa muda mrefu huchangia mafuta kujikusanya tumboni na sukari kupanda. Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari au presha, hali huwa ngumu zaidi kudhibiti.

Tusahihishe jambo moja hapa. Wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Wataalamu wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine huletwa na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Msongo wa mawazo unaweza kuzidisha maumivu, lakini mwenye vidonda asiambiwe tu "acha mawazo". Aende hospitali apimwe, kwa kuwa bakteria hao wana dawa.

Somo kutoka kwa nyani

Wanaosafiri kwenda Arusha huwaona nyani kandokando ya barabara. Jirani zao wa Masai Mara, nchini Kenya, wamewafundisha madaktari mengi. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Sapolsky alianza kuwachunguza mwaka 1978 na akaendelea kwa miaka mingi. Aliwachukua damu na kupima kotisoli. Aliona kwamba, mahali ambapo ngazi za ukubwa zimetulia, madume ya chini ambayo kila siku huonewa na madume wakubwa yalikuwa na kotisoli nyingi zaidi. Chakula kilikuwepo na simba hawakuwa wengi. Kilichowaumiza ni nyani wenzao.

Katikati ya miaka ya 1980 kikatokea kisa cha ajabu. Nyani wa kundi moja walikwenda kugombania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ya hapo ilikuwa na kifua kikuu. Waliokwenda kupigana jalalani walikuwa madume wakali kuliko wote, nao wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likawa la amani zaidi: uonevu kwa wadogo ukapungua, na kukaa pamoja na kusafishana manyoya kukaongezeka. Miaka kama kumi baadaye madume wote wa zamani walikuwa wameshaondoka au kufa, na waliokuwepo walikuwa wageni kutoka makundi mengine. Lakini desturi ya amani ilibaki. Wageni waliipokea. Na wale wa ngazi ya chini hawakuwa na dalili za msongo zilizozoeleka kwingine. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2004.

Sisi si nyani, na hatungojei kifua kikuu kituondolee wakubwa wakali. Tunachojifunza ni kwamba hofu ya wadogo si sheria ya maumbile. Ni desturi, na desturi inaweza kubadilika na hata kurithishwa ikiwa njema.

Somo kutoka kwa watumishi wa serikali

Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanywa Uingereza kwa watumishi wa serikali, ukaitwa Whitehall kwa jina la mtaa wa London wenye ofisi nyingi za serikali. Ulianza mwaka 1967 kwa wanaume kama 18,000. Watu wengi walidhani kwamba mkurugenzi ndiye anayekufa kwa moyo kwa sababu ya mzigo wa madaraka. Matokeo yalikuwa kinyume. Watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo kama mara tatu kuliko wale wa ngazi ya juu. Sigara na presha zilieleza sehemu ya tofauti hiyo, lakini si yote.

Mwaka 1985 ulianza uchunguzi wa pili, wanaume na wanawake 10,308. Safari hii waliulizwa pia kuhusu kazi yenyewe: Je, unaamua mwenyewe jinsi ya kufanya kazi yako? Je, unaamua lini upumzike? Matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 yalionyesha kwamba wale wasio na kauli juu ya kazi zao waliugua moyo zaidi, na kwamba jambo hili lilieleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya wakubwa na wadogo. Uchunguzi huo huo ulionyesha baadaye kwamba wanaume waliosema mkubwa wao anawatendea haki, anawasikiliza na kuwapa maelezo ya kweli, waliugua moyo kwa uchache zaidi.

Hili ndilo fundisho kuu la makala hii. Kazi nyingi peke yake si lazima imwue mtu. Kinachodhuru zaidi ni kazi nyingi pamoja na kukosa kauli. Mtu anayebebeshwa mzigo na kunyimwa nafasi ya kuamua hata jambo dogo, huyo yuko hatarini hata kama mwili wake ni imara na moyo wake ni wa kijasiri. Kwa hiyo tusimwite mvivu wala dhaifu.

Tanzania tulilijua hili

Wasomaji wenye umri watakumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani walikisoma kifungu hicho kwa makini. Kati ya mwaka 1971 na 1973 kulikuwa na migomo mingi, hasa Dar es Salaam, na mingi kati yake haikudai mshahara. Ilidai heshima: kuacha matusi, dharau na ubabe wa mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel waliwafungia nje wenye kiwanda, wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Migomo mingine iliishia vibaya kwa wafanyakazi.

Hatuandiki haya ili kuchochea mgomo. Tunaandika ili ieleweke kwamba kudai kuheshimiwa kazini si mambo ya kigeni wala ya vijana wa siku hizi. Baba zetu waliona kwamba mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo, lakini dharau ya kila siku humla ndani kwa ndani.

Dalili za kuangalia

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya kuchakaa kwa ajili ya kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Ina alama tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia au kuidharau kazi ambayo zamani uliipenda, na kuona kwamba hufanyi tena jambo la maana. Pamoja na hizo, tuangalie haya:

- Kukosa usingizi, au kuamka saa tisa usiku ukiwaza kazi.
- Moyo kwenda mbio simu inapolia.
- Maumivu ya kichwa, shingo au mgongo yasiyoisha.
- Tumbo kuvurugika kila Jumapili jioni.
- Kusahau mambo madogo na kukosea kwa sababu ya hofu ya kukosea.
- Pombe au sigara kuongezeka.
- Hasira za ghafla, au ukimya usio wa kawaida.

Maumivu ya kifua yanayobana, kupooza upande mmoja, mdomo kwenda upande au kushindwa kusema ghafla si mambo ya kungojea asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Na mtu akisema amechoka kuishi, tusimkemee wala kumcheka. Tusimwache peke yake; tumsindikize hospitali siku hiyo hiyo.

Hofu inapohamia nyumbani

Mtu asiye na kauli kazini mara nyingi huitafuta nyumbani. Anayehesabiwa mifuko mchana huhesabu vijiko usiku. Mama anayefokewa ofisini humfokea binti wa kazi, na binti wa kazi humfinya mtoto. Ndiyo maana tumesema tatizo hili ni la familia nzima.

Tunashauri mambo manne nyumbani. Kwanza, anayerudi kazini apewe nusu saa ya kuoga na kutulia kabla ya kuletewa madeni na mashitaka ya watoto. Pili, baada ya nusu hiyo, azungumze. Mwenzi asikilize bila kukimbilia kusema "si uache hiyo kazi", kwa kuwa wote wawili wanajua ada ya shule inatoka wapi. Tatu, simu ya kazi iwekwe mbali wakati wa chakula na wakati wa kulala. Nne, kila mmoja nyumbani awe na jambo analoliamua mwenyewe: mtoto aamue mpangilio wa vitabu vyake, mama aamue fedha ya sokoni bila kudaiwa hesabu ya nyanya mojamoja. Nyumba iwe mahali pa kujifunza kwamba kuaminiana kunawezekana.

Mfanyakazi afanye nini

1. Apime presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, afuate ushauri wa daktari. Akipewa dawa asiache kwa kuwa "anajisikia vizuri". Presha mara nyingi haiumi.

2. Atembee. Mwili uliojiandaa kukimbia unahitaji kukimbia. Dakika 30 za kutembea kwa haraka jioni hufanya kazi ambayo kasia lilimfanyia mvuvi.

3. Ampe mkubwa habari kabla hajaulizwa. Wakubwa wengi wa namna hii wanaogopa wenyewe. Juu yao kuna mwingine. Anaweza kusema kwa adabu: "Mkuu, naomba tukubaliane. Nitakuletea hesabu ya stoo saa nne asubuhi na saa kumi jioni kila siku. Katikati kukiwa na tatizo nitakupigia mara moja." Mkubwa mwenye hofu akizoea kupata habari kwa wakati, mara nyingine hulegeza kamba.

4. Maagizo yanayobadilika ayaandike kwenye daftari kwa tarehe na saa. Asiandike kwa hasira, aandike tu kilichosemwa.

5. Asiwe peke yake. Awe na mwenzake mmoja wa kuaminika kazini, na ajiunge na chama cha wafanyakazi kama kipo.

6. Ajiepushe na kupeleka maneno. Anayemchongea mwenzake leo, kesho atachongewa, na hofu ya wote itaongezeka.

7. Kama hali haibadiliki na afya inaporomoka, aanze kutafuta kazi nyingine akiwa bado na hii. Kuondoka kwa mpango si kushindwa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ambayo wengi hawaijui. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kuna likizo ya mwaka ya siku 28. Mtu hawezi kuachishwa kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki, yaani bila kuelezwa kosa na kupewa nafasi ya kujitetea. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia mali iliyopotea bila kuthibitika kosa la mfanyakazi, bila kumsikiliza na bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

Aliyeachishwa kazi kwa uonevu anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akumbuke muda: siku 30 tangu kuachishwa, na siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza haki kwa kungoja. Watumishi wa umma wao wana taratibu zao za rufaa za kufuata kwanza katika utumishi wa umma.

Kuhusu simu za usiku na kazi zisizo na mwisho, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 duniani mwaka 2016, kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Neno kwa wakubwa wa kazi

Kati ya wasomaji wetu wamo mameneja, walimu wakuu, wenye maduka, wakuu wa idara, na hata wasimamizi wa taasisi zetu za Kanisa. Tusidhani tatizo hili liko kwa wengine tu. Tujiulize: mara ya mwisho mtu wa chini yangu kuniletea habari mbaya bila kutetemeka ilikuwa lini? Kama hatukumbuki, basi bati letu linavuja na hakuna anayetuambia.

Dawa si kuacha kusimamia. Eleza kazi na kipimo chake, kisha mwachie mtu njia. Kagua kwa wakati unaojulikana. Onya faraghani, sifu hadharani. Anayeleta habari ya kosa mapema mshukuru kwanza, halafu mrekebishe kosa. Na usiku uache watu walale. Mtunza stoo aliyelala vizuri ndiye atakayekuokolea sukari.

Maswali ya kujadiliana katika familia na jumuiya

1. Katika dalili sita za unyapara, ni zipi tumeziona mahali tunapofanya kazi? Na ni zipi wanaoziona wale tunaowasimamia sisi?

2. Nani katika nyumba yetu hana kauli juu ya jambo lolote? Tumpe jambo gani aliamue mwenyewe kuanzia wiki hii?

3. Je, kila mtu mzima wa jumuiya yetu amepimwa presha mwaka huu? Nani atawasindikiza ambao hawajapima?

4. Jirani yetu aliyeachishwa kazi anajua siku zake 30? Nani atamweleza?